Delta: Mlango wa Rufiji

Leo nakuletea neno moja fupi la Kiingereza ambalo limeingia katika Kiswahili bila kubadilishwa hata irabu moja. Neno lenyewe ni delta. Mwaka 2021 dunia nzima ililitamka kwa hofu, lilipopewa aina mojawapo ya kirusi cha UVIKO-19. Mwanafunzi wa hesabu hulikuta ubaoni kama alama ya pembetatu. Lakini ukiwa stendi ya Kibiti, mtu akisema "naenda Delta," hakuna atakayemuuliza delta ipi. Anakwenda Salale, au Mbwera, au Msala, au Maparoni. Anakwenda kwenye visiwa, vijito na mikoko, pale Mto Rufiji unapokutana na Bahari ya Hindi mkabala na Mafia.

Neno hili tunalisema kila siku, na linaandikwa katika kila mpango wa maendeleo unaohusu sehemu hiyo. Basi leo tulifuate hadi lilikozaliwa, kisha turudi nalo Kibiti tuone kama linawafaa wanaoishi ndani yake.

Delta ni jina la herufi ya nne ya Kigiriki: alfa, beta, gama, delta. Herufi hiyo kubwa huandikwa kama pembetatu iliyokaa juu ya kitako chake, ncha juu. Wagiriki hawakuibuni wenyewe. Yapata karne ya 8 kabla ya Kristo walikuwa wamejifunza kuandika kutoka kwa Wafoinike, mabaharia na wafanyabiashara wa pwani ya Lebanoni ya leo. Wafoinike waliita kila herufi kwa jina la kitu. Ya kwanza ilikuwa ng'ombe dume, ya pili nyumba, na hii ya nne, waliyoiita daleti, ilikuwa mlango. Wagiriki walichukua herufi pamoja na majina yake, wakayatamka kwa ulimi wao, na daleti ikawa delta.

Hapa, msikilizaji, aliyepitia chuo cha Kurani atakuwa ameanza kusikia kitu anachokijua. Wazee wetu wakitaka kusema mtu anaanza elimu, husema yuko kwenye alifu kwa kijiti. Alifu ya chuoni na alfa ya Wagiriki ni ndugu wa damu. Be na beta vilevile. Na delta, ndugu yake ni dali. Ukizipanga herufi za Kiarabu kwa mpango wa zamani wa abjadi, yaani alifu, be, jimu, dali, utaikuta dali ni ya nne, na hesabu yake ni nne. Kwa Wagiriki nako delta ilisimama kwa nne. Kwa hiyo mtoto wa Mbwera anayepakata juzuu yake na kusoma dali, na mtoto wa Athens anayesoma delta, wote wawili wanatamka jina la mlango uleule wa Wafoinike. Neno hili tunaliona la kigeni, kumbe jamaa zake tumekuwa nao barazani kwa karne nyingi.

Herufi iliingiaje mtoni? Jibu liko Misri. Mto Nile ukifika karibu na Cairo ya leo huanza kugawanyika, matawi yake yakaachana na kwenda baharini kila moja kwa njia yake. Nchi iliyo kati ya matawi hayo ni nyembamba huku juu na pana kule pwani. Wagiriki waliokwenda Misri kwa biashara na kwa kukodiwa vitani waliona umbo hilo, wakaiita nchi ile Delta. Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anatumia jina hilo kama lililokwisha zoeleka, na anaeleza jambo zito zaidi: kwamba ardhi ile imeletwa na mto wenyewe, tope juu ya tope, mwaka baada ya mwaka.

Karne moja baadaye majeshi ya Alexander yalifika kwenye mto Indus, katika nchi ambayo leo ni Pakistani. Waandishi wa Kigiriki waliosimulia safari hiyo wakasema Indus nao una delta kama Nile. Hata hivyo, kwa muda mrefu Ulaya ilipolitaja jina hilo ilikuwa na maana ya Misri. Katika Kiingereza neno linaonekana tangu karne ya 16 likimaanisha Nile, na ni kuelekea mwisho wa karne ya 18 ndipo likaanza kutumika kwa mto wowote. Ndivyo lilivyokuja kuandikwa kwenye ramani zetu: wapimaji wa Kizungu walilikuta neno tayari, wakalibandika juu ya Rufiji.

Na hapo ndipo umbo linapoanza kuleta shida. Rufiji hauendi kaskazini kama Nile, unaelekea mashariki. Ukiifungua ramani, pembetatu yetu imelala ubavu, ncha yake ikiwa upande wa bara na kitako kimeegemea bahari. Delta ya Mississippi kule Marekani haina pembetatu kabisa, imejitandaza kwa vidole virefu ndani ya bahari. Okavango unamwaga maji yake katika mchanga wa Botswana bila kuiona bahari hata siku moja, na bado panaitwa delta. Mto Kongo, wenye maji mengi kuliko mto wowote Afrika, haukujijengea delta ya namna hiyo pwani, kwa sababu mbele ya mdomo wake kuna korongo refu chini ya bahari linalomeza tope lake.

Kwa hiyo tukitaka kujua delta ni nini, tuache kuangalia pembetatu, tuangalie kazi. Mto unachukua udongo kutoka milimani. Ukifika tambarare unapunguza kasi, na maji yasiyo na kasi hayana nguvu ya kubeba. Udongo unatuama. Bahari nayo, kwa mawimbi na mikondo yake, inauchukua na kuutawanya. Mto ukileta mashapo mengi kuliko bahari inavyoweza kuyaondoa, nchi inaongezeka. Ukileta machache, nchi inapungua. Delta ni hesabu ya mapato na matumizi ya udongo, na hesabu hiyo haifungwi kamwe. Wanahesabu wanaitumia herufi hii kuonyesha badiliko, na mtu wa Kibiti hahitaji kufundishwa kwamba delta na badiliko vinakwenda pamoja.

Bonde la Rufiji lina ukubwa wa kilomita za mraba 177,000 hivi, sehemu moja kati ya tano za Tanzania Bara. Ruaha Mkuu unashuka kutoka nyanda za Usangu. Kilombero unapita chini ya milima ya Udzungwa. Luwegu unatoka kusini. Udongo wa shamba la mtu wa Mbeya, wa Iringa, wa Ifakara, unaweza kumalizia safari yake chini ya nyayo za mvuvi wa Kiomboni, kule Delta. Na unaoupokea udongo huo ni msitu.

Msitu wa mikoko wa Delta una zaidi ya hekta 50,000, na ndio mkubwa kuliko wote ulioungana pamoja katika Afrika Mashariki. Mgeni husema mikoko tu, akamaliza. Mwenyeji ana majina, na kila jina lina mahali pake na kazi yake. Mchu unastahimili chumvi na tope. Mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, unasimama kandokando ya vijito. Msinzi na mkandaa hutoa miti iliyonyooka ya kujengea. Mkomafi, msikundazi, mlilana na kikandaa, kila mmoja una eneo lake kulingana na maji yanavyojaa na kupwa, na kiasi cha chumvi kilichomo.

Ukiutazama mkoko kwa karibu utaiona delta ikijengwa. Mbegu yake haianguki ikiwa mbegu. Inachipua ikiwa bado juu ya mti, inaning'inia kama fimbo ya kijani yenye ncha chini. Siku yake ikifika inadondoka. Ikikuta maji yamepwa, inajichoma wima kwenye tope na kuanza maisha palepale. Ikikuta maji yamejaa, inaelea na kwenda na mkondo hadi ikwame mahali. Baada ya muda mizizi inashuka, inapunguza kasi ya maji, na tope lililokuwa linapita linatulia. Kipande kilichokuwa maji kinakuwa kinamasi, na mwisho kinakuwa nchi ya kukanyagwa. Kati ya mizizi hiyo ndimo wanamokulia kamba wadogo, wale ambao wakishakomaa na kutoka baharini hugombewa na wavuvi na wanunuzi.

Sasa turudi kwenye ile maana ya zamani, kabla ya pembetatu: mlango. Kiswahili chetu, bila kumuuliza Mfoinike wala Mgiriki, kinapaita pale mto unapoingia baharini mlango wa mto. Rufiji una milango mingi, nayo ina majina: Kikunya, Simba Uranga, Kiomboni, Msala na mingineyo. Pembetatu anaiona mtu aliye mbali, mwenye ramani mezani au aliyeko angani. Mlango anaujua anayepita. Anajua upi una kina na upi una fungu la mchanga. Anajua maji ya bamvua yatampitisha mpaka wapi, na kwamba siku za maji mafu asithubutu kupitisha chombo kizito.

Tofauti hiyo iliwahi kuamua vita. Mwezi Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaingia Delta kujificha. Waingereza walikuwa na meli nyingi na kubwa zaidi, lakini meli hizo hazikuweza kupenya vijito. Walizunguka nje kwa miezi. Iliwabidi wamtume mwindaji Pieter Pretorius akapeleleze njia za maji, walete ndege za kuruka kutoka Mafia, na waagize kutoka Ulaya vyombo viwili vya kivita visivyohitaji kina kirefu, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilipigwa vibaya, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake ikavutwa nchi kavu na kuendelea kupigana katika ile vita iliyowaua kwa njaa na maradhi maelfu ya wapagazi wetu. Neno delta lilikuwa kwenye ramani za maofisa wa pande zote mbili, lakini halikumwonyesha mtu njia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Milango hii ilikuwa inafunguliwa na wageni zamani zaidi ya hapo. Katika karne ya 1 baada ya Kristo mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za bahari hii yetu, unaojulikana kama Periplus. Soko la mwisho analolitaja kusini mwa pwani hii analiita Rhapta, mahali pa pembe za ndovu na magamba ya kasa, na anasema jina limetokana na vyombo vya kushonwa kwa kamba. Wanahistoria wanabishana Rhapta ilikuwa wapi, na wapo wanaoiweka hapa Rufiji. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Mkukutu, karibu na Kibiti, akapata shanga za kioo za asili ya Kirumi, akazitangaza kwa wanazuoni wenzake mwaka 1999. Kwa hiyo watu waliojua neno delta, na bidhaa zao, hawakuwa mbali na Rufiji hata miaka karibu 2,000 iliyopita.

Baadaye ikaja biashara ya boriti. Majahazi ya Oman, ya Kuwait na ya Uajemi yalikuja na kaskazi, yakaingia milango ya Rufiji, yakapakia boriti na kurudi na kusi kwenda nchi zisizo na miti ya kujengea. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers alikuja Delta ndani ya jahazi la Kuwait kupakia boriti, na akaandika juu ya mbu, tope na kazi ngumu ya mabaharia wale. Vyumba vya nyumba za kale, Lamu, Zanzibar na ng'ambo ya bahari, vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyopima upana wa dari. Mti uliokulia Salale ulitoa kipimo cha chumba cha mtu wa Ghuba aliyelala ndani yake bila kujua Salale iko wapi.

Msikilizaji, nimeyaeleza yote haya kwa sababu nina jambo linalonigusa. Mlango una pande mbili. Upande mmoja wa Delta ni bahari, na kwa bahari tumejifunza kuwa macho. Upande wa pili ni bara, na kutoka huko lazima viingie vitu viwili: maji baridi na udongo. Kimoja kikipungua, Delta itabaki na jina lake kwenye ramani huku nchi yenyewe ikiondoka.

Mkulima wa mpunga wa Delta analijua hili kwa ulimi wake. Kabla ya kupanda huchota maji ya kijito, akayaonja. Yakiwa baridi, kazi inaanza. Yakiwa na chumvi, mbegu inasubiri. Katika miaka ya 1970 mto ulihamisha wingi wa maji yake kutoka matawi ya kusini kwenda ya kaskazini. Kusini chumvi ikapanda, na mashamba ya mpunga yakaachwa. Kaskazini maji yakawa baridi, watu wakafuata mpunga huko na kufyeka mikoko ili wapate pa kulima. Hakuna aliyetoa amri. Mto uligeuza njia, na maisha ya vijiji yakageuka nao.

Juu kidogo, bondeni, kuna kilimo cha mlau: mafuriko yakishuka, mtu anapanda kwenye unyevu uliobaki na tope jipya lenye rutuba. Mafuriko hayo yana sura mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya maji kufanya uharibifu, serikali iliwahamishia watu kwenye miinuko, na bado wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, kwa sababu ndiko chakula kilikotoka. Aprili 2024 mafuriko yaliharibu nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, na watu wakateseka. Siwezi kumwambia mama aliyepoteza kila kitu kwamba mafuriko ni neema. Lakini siwezi pia kuficha kwamba bila tope la mafuriko nchi anayolima isingekuwepo.

Juu zaidi sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lenye uwezo wa megawati 2,115. Ni kazi kubwa ya taifa, na umeme wake tunauhitaji. Lakini bwawa lolote linapunguza kasi ya maji, na tumekwisha kusema maji yasiyo na kasi hayabebi. Mashapo yanatuama nyuma ya ukuta. Misri, huko huko neno delta lilikozaliwa, ilimaliza kujenga Bwawa Kuu la Aswan mwaka 1970. Tangu hapo tope la Nile limekuwa likibaki nyuma ya bwawa, na bahari imekuwa ikila ufuko wa delta yake, hasa karibu na mji wa Rashidi. Misri ilipata umeme na maji ya uhakika mwaka mzima, na inalipa gharama hiyo pwani.

Sisi tumeanza miaka 50 na zaidi baada ya Aswan, na somo liko wazi mbele yetu. Ninayoyaomba ni mambo yanayowezekana. Wanaopima maji yanayotoka bwawani wapime na udongo uliomo, na takwimu hizo zifike Kibiti. Maji yanapofunguliwa, ratiba iangalie pia msimu wa mpunga wa Delta na mlau wa bondeni, na watu waambiwe mapema, kijiji kwa kijiji. Mikoko isihesabiwe kama kuni zilizosimama, kwa sababu ndiyo inayolishika lile tope kidogo litakalofika.

Na kwa walimu wa jiografia wa Kibiti, Rufiji na Mafia nina ombi lao peke yao. Mnapofundisha delta, fundisheni Nile na Mississippi, maana mtihani unazitaka. Lakini waiteni pia wazee wa Salale na Msala darasani. Wataje milango yote kwa jina, waseme upi ulikuwa na kina zamani na sasa umejaa mchanga, na maji baridi yalifika wapi walipokuwa vijana. Yaandikeni wanayoyasema. Hiyo ni rekodi ya mto ya miaka 60 au 70 iliyoko vichwani mwa watu wazima. Mhandisi, mwanasayansi na mpangaji wa wilaya wote wanaihitaji, na kila mzee anayezikwa anaondoka na ukurasa wake.

Delta, basi, ni mlango. Mgiriki alisahau maana hiyo akabaki na pembetatu, Mwingereza akaipokea pembetatu, na sisi tukaletewa pembetatu. Watu wa Rufiji walikuwa na mlango muda wote. Nawasihi wenye mamlaka ya maji ya mto huu waamue kwa maana hiyo ya mlango, kwa faida ya Kibiti nzima na ya Tanzania.